Swali Ulilokataa Kujibu, Mama Dorsila

Mama,

Ni Akinyi. Najua ungetaka barua ianze na salamu ndefu, nikuulize habari ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua. Mvua imenyesha. Hayo mengine nimeshindwa.

Miezi michache iliyopita yule mama wa Nairobi alirudi. Unamkumbuka, yule mwembamba aliyetumwa na wafadhili kuangalia kikundi chetu cha wanawake kinaongozwa vipi, wakati dawa zetu za malaria zilikuwa zimeanza kufika hadi Luanda Kotieno na wao wakitaka tupanuke zaidi. Siku ile alikuuliza mbele yetu sote, "Usipokuwepo, nani anaamua?" Ukacheka. "Kwani naenda wapi?" Sisi nasi tukacheka. Mimi ndiye niliyekuwa naandika. Jibu la swali hilo nililiacha wazi kwenye karatasi, kwa sababu sikutaka kukuudhi.

Ulikuwa na haki ya kujivunia. Ulianza na kikapu kimoja cha klorokwini na mdomo wako mkali, ukizunguka Seme kwa miguu, ukiwaambia wanawake wasingoje mpaka mtoto apoteze fahamu. Mimi ulinitoa kwenye kuuza dagaa wa omena, ukanifundisha kukata vidonge kulingana na umri wa mtoto. Nikikosea ulikuwa unaniambia, "Nyathina, mwanangu, hii si chumvi." Bado nakusikia.

Lakini ufunguo wa stoo ulikuwa mmoja, na ulikuwa umeufunga kwenye pembe ya leso yako. Presha ilipokuangusha kwa dada yako Kisumu, leso ilienda na wewe mochari.

Yaliyofuata hukuyaona. Wacha nikuambie mimi.

Siku ya kwanza tulilia tu. Siku ya pili mwenzetu Felgona alikuja na Atieno mgongoni, yule binti yake wa miaka minne uliyempokea wewe mwenyewe siku aliyozaliwa. Mtoto alikuwa anawaka moto. Nilikuwa nimesimama mbele ya mlango wa stoo. Felgona akaniambia, "Akinyi, fungua." Nikasema sina ufunguo. "Basi vunja." Na mimi, Mama, mimi niliyejua dawa iko rafu ya pili, nikasema, "Nani ameniruhusu?" Wenzetu waliangalia chini. Hakuna aliyesema vunja, hakuna aliyesema usivunje. Tukampakia kwenye baiskeli kumkimbiza hospitali Kombewa. Barabara ilikuwa matope matupu. Hatukufika naye akiwa hai.

Kesho yake nilichukua nyundo mwenyewe. Kufuli ilivunjika kwa pigo la pili. La pili tu, Mama.

Kwa hiyo yule mama aliporudi na maswali yake, wanawake walikuwa wamekubaliana wakusifu tu. Nani anataka kumsema marehemu? Nilikaa nikasikiliza mpaka nikashindwa. Nikasimama nikasema, "Mwenyekiti wetu alikuwa anaamua kila kitu peke yake, na sisi tulimwacha kwa sababu ilikuwa rahisi kwetu." Mmoja akanipigia kelele, "Unamtukana mama aliyekulea!" Nilikuwa karibu kukaa chini.

Ndipo Felgona akasema, kwa sauti ndogo, "Mwacheni amalize. Dorsila alimpokea mtoto wangu kwa mikono yake. Nampenda mpaka leo. Lakini nilitaka mlango ufunguliwe."

Yule mgeni aliweka kalamu chini.

Sasa funguo ziko kwa watu watatu. Imeandikwa nani anaamua mwenyekiti akiwa mgonjwa au safarini. Mwenyekiti anapigiwa kura, na akimaliza miaka mitatu anatoka. Wamenichagua mimi. Wa kunikagua ni Felgona. Kila mwezi ananisimamisha mbele ya watu ananiuliza nimefanya nini na kwa nini, na haniogopi hata kidogo. Wafadhili bado hawajasema kama watatusaidia kupanuka. Tunangoja.

Nimekukasirikia, Mama. Nilikuwa sijui mtu anaweza kumkasirikia marehemu hivi. Halafu juzi mtoto fulani alitapika dawa, nikageuka kukuuliza nimpe tena au ningoje, nikakuta ukuta. Nilimpa tena. Alipona. Nililia njia yote hadi nyumbani, kwa sababu ungefurahi na hukuwepo.

Nakuahidi hili: miaka yangu mitatu ikiisha nitatoka, hata wakinibembeleza nibaki.

Jumamosi nakuja kupalilia kaburi lako. Felgona amesema tutakuja naye. Hajawahi kufika hapo tangu tukuzike. Sijui atakuambia nini. Nitakaa kando niwaache muongee.

Lala salama, Mama.

Akinyi wako