Mstari wa Besi

Soweto, Mbeya
9 Novemba 2025

Mama Verediana, mkubwa wa nyumba hiyo. Mkwe wangu Gerson, mwenye kaya. Binti yangu Leokadia. Na mjukuu wangu Faustina, ambaye bila shaka ndiye anayewasomea haya baada ya chakula:

Salamu zangu ziwafikie kwa utaratibu huo. Mimi ni mzima, isipokuwa goti, ambalo mvua za kwanza zimelichokoza. Hali zenu huko Tosamaganga?

Nina taarifa. Flashi uliyoituma kwa basi, Leokadia, ilifika salama. Kompyuta ya marehemu mama yako, ambayo fundi alisema haiwezi kupokea Windows mpya, sasa inaendeshwa na Linux. Nilifuata maelekezo yako neno kwa neno, mimi niliyekuwa mwalimu mkuu, kama mtoto wa darasa la kwanza. Mafaili yake niliyahamisha kwanza, kama ulivyoagiza. Asubuhi kompyuta inaamka upesi kuliko mimi.

Lakini programu yake ya kuandikia nota ni ya Windows, nayo imekataa katakata. Mnajua ninachokitafuta: wimbo wa shukrani aliokuwa akiutunga hadi wiki aliyolazwa. Kwaya inataka kuuimba katika misa ya kumbukumbu yake, Jumamosi tarehe 7 Februari. Mimi sijapata kuusikia. Prisca alitunga akiwa amevaa hedifoni, nami nikisoma gazeti upande wa pili wa meza.

Naomba mwongozo.

Baba

*

Tosamaganga, Iringa
16 Novemba 2025

Baba, shikamoo.

Sisi wazima. Mama Verediana anakusalimu, na anauliza kama unakula chakula au unaishi kwa chai.

Ingia kwenye duka la programu la Linux, utafute kitu kinachoitwa Wine, ndiyo, kama divai kwa Kiingereza. Hulipii. Kazi yake ni kukaa katikati: programu ya Windows ikiomba kitu, Wine inalipokea ombi na kulifikisha kwa Linux. Programu ya mama haitajua kwamba imehamishwa. Itadhani bado iko kwao. Ukimaliza, fungua faili la kuisakinisha, uchague kulifungua kwa Wine. Ikigoma, nitumie picha ya skrini.

Ningekuja mwenyewe, ila mitihani ya shule imetubana.

Mwanao,
Leokadia

*

Soweto, Mbeya
30 Novemba 2025

Wapendwa wote, kwa utaratibu ule ule, nawasalimu. Ninakula. Jana nilipika ndizi.

Programu imefunguka. Nilipomweleza Katekista Yohane kwamba nimeweka Wine nyumbani, aliniangalia sana, kisha akasema, "Mzee wangu, upweke ndio umefikia huko?" Ilinibidi nimwonyeshe skrini.

Wimbo upo. Sauti haitoki; nota zinapita kimya, na badala ya vichwa vyeusi zina herufi za ajabu, nikadhani ndio mtindo wake. Mistari mitatu ya juu imejaa. Mstari wa nne ni wa besi. Mwanzoni mwake ameweka alama ya kuuliza, na baada yake hakuna kitu.

Nilikaa mbele ya alama ile mpaka chai ikapoa. Katika ndoa yetu yote Prisca hakuniuliza lolote kuhusu muziki. Sasa ameuliza. Jibu sina, lakini ni vizuri kuulizwa. Siku hizi nikirudi kutoka sokoni naufungua wimbo, namsimulia yaliyonipata, na alama ile inanisikiliza.

Nilichapa nakala, nikaipeleka mazoezini. Makoye, mwalimu mpya wa kwaya, akasema, "Mzee, niachie jioni moja tu, besi nitaijaza." Gwakisa, yule mcheshi wa sauti ya nne, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, wenzetu wameletewa wimbo, sisi tumeletewa mtihani!" Nikawaomba wasubiri. Swali limeulizwa nyumbani kwangu. Litajibiwa nyumbani kwangu.

Picha nimeiambatisha. Ninyi mnaonaje?

Baba

*

Tosamaganga, Iringa
11 Januari 2026

Baba, shikamoo. Nisamehe kwa kimya hiki. Hatuumwi.

Picha niliielewa siku ile ile. Baba, ile si alama ya kuuliza. Wine haina fonti ya nota aliyoitumia mama. Herufi inayochora ufunguo wa besi, ile alama ya mwanzo wa mstari, huonekana hivyo fonti hiyo ikikosekana. Fungua wimbo wake wowote wenye besi, utaikuta pale pale.

Nilianza kukuandikia, nikafuta, mara nyingi tu. Hatukuwa tumekusikia ukiongea namna ile tangu msiba. Faustina kila Jumapili anauliza, "Babu ameshamjibu Bibi?"

Fonti iko kwenye folda ya mafaili ya zamani; inakili uiweke kwenye folda ya fonti ya Wine, kisha ufungue upya. Kuhusu sauti, kuna programu nyingine ya kuongeza. Na umruhusu Makoye aandike besi. Ni fundi mzuri.

Kuhusu kuja, nitasema ukweli: si mitihani. Nashindwa kuingia sebuleni pale alipokuwa akitungia mama.

Mwanao,
Leokadia

*

Soweto, Mbeya
25 Januari 2026

Mama Verediana, mkwe wangu Gerson, Leokadia, Faustina:

Nawasalimu. Goti limetulia.

Kabla ya kunakili fonti nilifungua nyimbo zake nyingine. Ni kama ulivyosema. Nikainakili. Sasa pamekaa ufunguo wa besi, umejikunja kama sikio, na nyuma yake ile mistari mitano ya kuandikia nota, mitupu. Sikulaumu, mwanangu. Nilipata wa kuzungumza naye msimu mzima wa kupanda. Programu ya sauti usiitume. Sitaki kuusikia kwa mashine.

Jana nilisimama mbele ya kwaya nikaeleza kosa langu. Hakuna aliyecheka, hata Gwakisa, ingawa ningependa acheke. Makoye akarudia ombi lake kwa heshima: "Mzee, bila besi wimbo utaelea."

"Uelee," nikamjibu.

Basi nimeamua, naye ameridhia. Tarehe 7 wimbo utaimbwa kwa sauti tatu alizoziacha Prisca. Besi watasimama mahali pao, nakala mikononi, midomo wameifumba mpaka mwisho. Hakuna atakayemjazia.

Na nyumba hiyo yote itafika Mbeya Ijumaa tarehe 6, kabla ya giza. Sitauliza kama shule imefungua. Sebule mtaiingia pamoja, Mama Verediana akitangulia. Leokadia, sauti ya pili ina waimbaji wawili tu, na mmoja anakohoa. Nota zimeambatishwa. Anza kujifunza leo.

Baba