Maelezo ya Violet Elisante Kuhusu Mota Sita za Class 37

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Wheaton, Maryland
Jumanne, 19 Machi 2024, saa 11:05 jioni

Jina: Violet Elisante
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi, darasa la kumi
Makazi: Hyattsville, Maryland
Nimeomba kuandika kwa Kiswahili, kwa mkono wangu, ili mama asome mwenyewe.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Jumamosi nilimdanganya polisi. Nilisema nilimwona Bwana Dakarai akitia kitu kwenye begi karibu na kabati la maonyesho. Sikumwona.

Anko Dunstan ni kaka yake mama. Kwa miaka mitatu mimi na yeye tumetengeneza mfano wa kichwa cha treni cha dizeli cha Uingereza, Class 37, mdogo mara sabini na sita kuliko chenyewe. Alikichagua kwa sababu injini yake ya silinda kumi na mbili ni ya ukoo mmoja na zile alizokuwa akizifungua babu Zefania kwenye karakana ya reli Nairobi. Kwenye kichwa halisi, dizeli haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, na umeme unakwenda kwenye mota sita, kila ekseli na yake. Mifano ya dukani huwa na mota moja tu katikati. Sisi tukasema tutaweka sita. Nyaya zote nililehemu mimi. Tulimaliza Oktoba.

Mnamo Ijumaa tarehe 15 Machi, saa 11 jioni, tulikuwa kwenye ukumbi wa klabu hapa Wheaton tukipanga maonyesho. Bwana Dakarai ndiye katibu wa klabu. Ni mkutubi wa shule, na Kiswahili alijifunza chuoni. Kabati lina funguo mbili, mmoja anao yeye, mwingine anko. Aliposhika kichwa chetu alisema, "Kesho waamuzi watamvua kofia mzee huyu, tuuone ubongo wake."

Anko akamjibu, "Mtauona mpaka wivu uwakabe!"

Watu walicheka, maana waamuzi huinua bodi ya kila mfano waone mota zilizomo. Mimi nilifurahi sana lakini niliangalia viatu vyangu.

Tulikifungia kichwa kabatini. Tulipofika kwenye gari anko alisema amesahau koti. Alirudi ndani, akakaa kama dakika kumi.

Jumamosi saa 3 asubuhi kabati lilikuwa tupu na kufuli zima. Anko alisema ufunguo wake ulilala nyumbani. Akaniita pembeni. Huwa ananiita anko, kama ninavyomwita mimi.

"Anko, we sema tu ulimwona Dakarai. Nina uhakika ni yeye."

"Lakini sikumwona."

"Unaniamini, huniamini?"

Nilikuwa namwamini. Nikamwambia polisi, sentensi moja ya Kiingereza. Ilitoka kirahisi, na hilo linanitia aibu kuliko yote. Jana shule ilimsimamisha kazi Bwana Dakarai. Keshokutwa Alhamisi ameitwa kuhojiwa.

Leo saa 9 alasiri anko alinichukua shuleni. Tulisimama kwenye kituo cha mafuta Hyattsville. Akaingia dukani, akaniambia nitoe pampu ya upepo chini ya siti. Haikuwepo. Nikafungua buti, nikainua zulia la tairi la akiba. Boksi letu la kubebea kichwa lilikuwa pale, nacho kikiwa ndani.

Nililegeza skrubu nne kwa bisibisi yetu iliyomo ndani ya boksi, nikainua bodi. Kulikuwa na mota moja, katikati, ya dukani. Waya wangu hata mmoja haukuwemo.

Anko alirudi na soda mbili. Nikamuuliza mota sita ziko wapi.

"Ziliungua Februari," akasema. "Niliwaonyesha watu wa kanisani, nikakivutisha mabehewa ishirini na mawili. Ningekuambia nini?"

"Ungeniambia zimeungua."

"Usiniaibishe, anko. Dakarai ni mtu wa hapa, atapata wakili, yatakwisha."

Ningelehemu upya. Ningeanza siku ileile. Badala yake tangu Februari nimekuwa nakitazama kikizunguka, nikijisifu kimoyomoyo kwa nyaya zisizokuwemo, naye amekaa pembeni yangu ananiangalia.

Soda sikunywa. Nilishuka na boksi, nikapanda basi mpaka hapa, nikampigia mama.

Muda wote nimekinga karatasi hii kwa mkono, Ofisa Chelagat asisome kabla sijamaliza. Sasa nasikia hatua kwenye korido. Ni mama, na nyuma yake anko, namjua kwa kikohozi. Nimeondoa mkono.

Nayafuta niliyoyasema Jumamosi. Haya ya leo nimeyaandika mwenyewe, hakuna aliyenifundisha la kusema.

(Sahihi) Violet Elisante

Maandishi ya ofisa: Shahidi ameandika mbele yangu na kukabidhi boksi. Mama yake, Bi. Honorata, ameyasoma yote na kutia sahihi. Bw. Dunstan ameyasoma akiwa amesimama. Hakukanusha neno. Ameomba kuketi karibu na shahidi. Shahidi amekataa. Saa 12:20 jioni nimempigia simu Bw. Dakarai kumwarifu kwamba hahitajiki tena Alhamisi.
Ofisa Chelagat