Chupa ya Bahari ya Mama Lotsove

Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Mvua ilianza tulipotoka kanisani na mpaka sasa haijakata. Hapa Saio, mtaa wetu wa Bunia, matope yamefika mlangoni, umeme haupo, simu yangu ina chaji kidogo. Nina aibu. Nimezunguka chumbani tangu mchana nikitafuta neno lingine la kuiita, sijalipata.

Wiki iliyopita niliandika kwenye ukurasa huu juu ya matembezi yangu ya Mombasa. Mlipenda sana. Wengine mliandika kwamba mmefika baharini pamoja nami bila kulipa tiketi. Yote niliyoandika yalikuwa kweli. Bosi wangu alikuwa anahangaika na karatasi za kontena lake bandarini, nami nikawa na siku nne za kuzurura. Nilipanda feri ya Likoni kwenda na kurudi mara tatu bila shughuli yoyote ng'ambo, kwa sababu anayetembea kwa miguu halipi, na kwa sababu meli moja ilipita mbele yetu ndefu kuliko barabara yetu ya sokoni. Nilitembea Mji wa Kale nikishika milango ya nakshi kama mtoto. Nilikunywa kahawa chungu kwa kashata. Niliegemea ukuta wa Fort Jesus mpaka jua likanichoma shingo. Saa za alasiri nilikaa kando ya mlango wa bahari, kati ya familia za watu, nikila mihogo yenye pilipili na ndimu, nikitazama makontena yanavyoingia. Niliwaza kwamba sabuni ninayouza hapa Bunia ilipita mbele ya mihogo hii, nikacheka peke yangu.

Hayo niliyaandika. Kuna jambo moja nililiacha.

Mama Lotsove anakaa katika chumba cha nyuma, kwenye uwanja wetu huu huu. Alikimbia vita kutoka kijiji kimoja cha Djugu na wajukuu wawili na Biblia, basi. Hapa kanisani anafundisha watoto wadogo siku ya Jumapili, masomo tunayoyaita ekodim. Kabla sijasafiri alikuwa amewafundisha habari za Musa na bahari kugawanyika, na kwamba maji ya bahari yana chumvi. Mjukuu wake Mave akabisha. Alisema bahari haiwezi kuwa na chumvi, yeye ameshaoga Ziwa Albert kule Tchomia na maji yalikuwa matamu. Watoto wote wakawa upande wa Mave.

Basi Mama Lotsove akaniletea chupa ya nusu lita. Alikuwa ameiosha kwa maji moto na kuibandika sparadrapu, ile plasta ya kidonda, na juu ya sparadrapu ameandika kwa kalamu ya bic: BAHARI.

Aliniambia, "Kavira, mutoto wangu, siombi kitenge, siombi kitu. Uniletee tu mayi ya bahari. Batoto baonje."

Nilimwahidi, na nilikuwa na nia kabisa.

Siku ya mwisho nilikwenda ufukweni, upande wa Nyali. Nilikuwa nimefahamiana na wasichana wawili wa mjini, wazuri, wenye miwani ya jua na simu za maana, na walikuwa wananipiga picha zile mlizozipenda. Waliponiuliza natoka wapi nilisema Kampala. Hiyo nayo niandike, maadamu leo naandika. Ukisema Congo watu hukuuliza habari za vita au hukuomba ucheze, nami siku ile sikutaka hata kimoja.

Niliingia majini mpaka magotini, nikaitoa chupa mkobani, nikaijaza. Maji yalikuwa safi kabisa. Nilikuwa nafunga kifuniko mmoja wao alipopiga kelele kutoka mchangani.

"We! Unachota maji ya nini? Kwani umetumwa na mganga?"

Mwenzake alicheka mpaka akakaa chini. Watu waligeuka kututazama. Nikamwona Mama Lotsove kwa macho ya wale wasichana: mama wa kijijini, kanga imepauka, anaagiza maji kama dawa. Nikamwonea haya.

"Hapana," nikasema, "nasuuza tu chupa."

Nikayamwaga. Nikacheka pamoja nao. Nilijiambia nitarudi kuchota wakiondoka, lakini hawakuondoka, tukala aiskrimu, na saa moja ya usiku nilikuwa ndani ya basi na chupa tupu. Sparadrapu haikuwa imebanduka hata pembe moja.

Safari ile ya kurudi, mpaka forodha ya Mahagi, mpaka hapa, nilikuwa na muda wa kutosha kupanga maneno. Nimesahau, mama. Imemwagika, mama. Wameinyang'anya mpakani. Nilifika jana asubuhi nikiwa bado sijachagua. Nikasikia sauti yake uani akiuliza kama nimefika salama, nikaingia jikoni, nikajaza chupa maji ya bomba na kutia chumvi. Vijiko viwili. Nikaonja. Bado haikuwa kama ile niliyoilamba midomoni kule. Nikakung'uta kopo la chumvi mpaka likaisha, nikatikisa, nikaonja tena.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa hatua kumi na mbili, kutoka jikoni hadi mlango wa Mama Lotsove. Aliipokea kwa mikono miwili.

Leo ekodim ilijaa. Watoto walipanga mstari, kila mmoja akapewa nusu kijiko. Walikunja sura, wakatema, wakarudi nyuma ya mstari kuomba tena. Mave alionja wa mwisho. Akalamba midomo, halafu akasema, "Iko na chumvi kweli," na darasa zima likampigia makofi kwa kushindwa kwake. Mimi nilikuwa nimekaa mbele kwenye kiti cha wageni. Mama Lotsove alinisimamisha.

"Da Kavira alifika pale na miguu yake. Weye uwaambie."

Nikawaambia. Meli, feri, mawimbi. Nilizungumza vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, nilizungumza vizuri sana.

Kisha yeye akawageukia watoto. Wengi wao wametoka kulekule alikotoka.

"Tangu tulikimbia, banatuambiaka tu maneno. Mwezi inakuya mutarudi kwenu. Musaada iko njiani. Siye hatuonaki kitu. Lakini leo hamukuambiwa. Leo mumeonja na ulimi yenu."

Nilitazama viatu vyangu mpaka sala ya mwisho.

Nimewaza kwamba kosa ni dogo. Chumvi ni chumvi. Bahari ina chumvi kweli, kwa hiyo watoto hawakufundishwa uongo. Nimejitetea hivyo mchana wote, kama wakili wa mtu mwenye hatia, na kesi sijashinda. Maji ya bahari niliyashika. Nilikuwa nayo mkononi. Niliyamwaga ili watu wawili nisiowajua hata majina yao kamili wasinidhanie mtu wa Mama Lotsove.

Saa moja iliyopita alibisha hodi. Alikuwa amejifunika gunia kichwani kwa mvua, ameshika kifuko cha nailoni.

"Nilipita jikoni, niliona kopo yako ya chumvi iko bule. Utapika na nini? Nimekuletea ya kwangu kidogo."

Kilikuwa kifuko kidogo, chumvi ya kuweza kupikia siku tatu. Akasema nusu ya chupa imebaki, ameiweka juu ya rafu pembeni ya Biblia, kwa watoto ambao hawakufika leo. Akarudi chumbani kwake akiruka madimbwi.

Sijui kama anajua. Nilimtazama usoni na sikuona kitu ila mvua. Kama anajua, amenisamehe kabla sijaomba, na siwezi kuishi uwanja mmoja na msamaha wa namna hiyo bila kufungua mdomo. Kama hajui, Jumapili ijayo atasimama tena mbele ya watoto na kijiko.

Nimeandika hapa kwanza kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kubisha hodi kwake. Lakini sitaituma sasa. Nimeshaona kandambili zangu ziko wapi, na kifuko chake cha chumvi nakibeba. Nitaituma nikirudi.

Ukiisoma, ujue nimeshamwambia.