Chupa Namba Kumi na Saba

Kwa Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na wanangu wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu, ila roho iko juu juu. Hali yako? Naomba leo usinijibu kwa mazoea kwamba hujambo. Nauliza kweli: macho yako yana rangi gani? Mkojo je? Mwasho umepungua? Na kabla hujaendelea kusoma, vile vidonge vya kijani nilivyokutumia kwenye kopo la vifungo, usimeze hata kimoja tena. Vya hospitali, vya presha na sukari, endelea navyo. Hivyo vya kijani weka chini.

Siku ya nne hii nakupigia, simu yako haipatikani, ya shemeji vile vile. Dereva wetu wa dobi anaelekea kwenu mchana huu, ndiyo maana naandika nimesimama kwenye meza ya pasi, mashuka ya hoteli yamenirundikia mpaka kidevuni. Msimamizi amepita mara mbili akiuliza kama siku hizi mashuka yananyooshwa kwa kalamu. Nimemwacha aseme.

Nianzie mwanzo. Unakumbuka nilikwambia nimechaguliwa kliniki. Daktari alitueleza kwamba sisi wenye viuno vipana, presha, sukari na mafuta mabaya kwenye damu, magonjwa yetu yanatembea yameshikana mikono, na kuna dawa ya majani na mizizi wanataka kuijaribu kama itayaachanisha. Alisema wazi kwamba ni majaribio. Nusu yetu tungepewa dawa, nusu unga mtupu ndani ya ganda lile lile, na asijue mtu, hata nesi. Kila mmoja na chupa yake, chupa na namba yake. Akatukataza kabisa kumgawia mtu. Nikatia sahihi, kwa ule mwandiko ulionifundisha wewe.

Nesi wetu tunamwita Futikamba, maana anakukamata kiuno hata salamu hujamaliza. Kila mwezi anapima, anatoa damu, halafu anahesabu vidonge vilivyobaki. Muuza viatu mmoja alirudi na vidonge ishirini, Futikamba akamuuliza kama alikuwa anavifuga ili vizae. Tulicheka mpaka machozi. Chupa yangu mimi ilikuwa tupu kila mara. Akasema mimi ni mfano wa kuigwa, akawaomba wenzangu wanipigie makofi. Nikapigiwa, Dada. Nikainamisha kichwa kama mnyenyekevu.

Wewe nilikwambia nimepewa chupa mbili, tugawane. Tukapatana kumeza saa moja asubuhi, kila mmoja kwake, baada ya sala, tuwe kama tumekaa pamoja. Ulifurahi. Ulisema imekukumbusha tulipokuwa wadogo, ulivyokuwa unaionja kwanza wewe dawa yangu ya minyoo, unalamba kijiko na kutabasamu ili mimi nisilie. Na uliponiambia mwili unawasha na chakula kinakuchefua, nikakujibu kwamba ni mafuta yanatoka. Nani aliniambia hivyo? Hakuna.

Basi siku nne zilizopita muuza viatu alikuja macho ya njano, mkojo anasema kama chai ya rangi. Mpishi mmoja wa shule, mwenzetu pia, alikuwa amelazwa tayari. Ini. Daktari ikabidi afungue bahasha ya siri aone nani alikuwa anameza nini. Namba kumi na saba, yangu, ni dawa yenyewe. Miezi yote mitatu nilikuwa nikimwomba Mungu viwe unga mtupu. Lakini damu yangu ilikuwa safi, na daktari alifurahi. Akasema ikiwa mimi nimemaliza chupa tatu bila kasoro, huenda wale wawili wana sababu nyingine, kwa hiyo waliobaki waendelee wakati yeye anachunguza. Wakarudi majumbani na chupa zao, kwa sababu ya ini langu.

Nimesali mpaka magoti yamekufa ganzi, sala haipandi. Leo asubuhi kabla ya kazi nilikwenda kwa Futikamba nikamwambia, na sasa nakwambia wewe. Sijameza hata kimoja. Cha kwanza nilikiweka ulimini, hofu ikanishika, nikakitema kwenye sinki. Chupa mbili hazikuwahi kuwapo. Ilikuwa moja tu kila mwezi, na vidonge vyote nikakutumia wewe. Nilijiambia ni upendo, kwa kuwa sukari yako imezidi yangu. Si kweli. Nilitaka kwanza nione kama havitakudhuru, ndipo nami nianze. Wao walikuwa wanaijaribu dawa kwangu, mimi nikaijaribu kwako. Wewe uliyekuwa unanilambia kijiko.

Futikamba hakunitukana. Alikaa chini, akampigia daktari pale pale, na wenzangu wote wanatafutwa waambiwe waache. Kisha akaniuliza umemeza vingapi. Nikasema vyote, maana wewe ukiahidi huachi.

Ndani ya bahasha kuna karatasi aliyoiandika yeye. Ichukue pamoja na kopo, uende hospitali yoyote ya karibu leo hii, wakupime ini. Usisubiri kesho. Msamaha siuombi kwa barua. Jumamosi nakuja kuuomba mwenyewe, hata mkinifungia mlango.

Nisalimie shemeji, usimfiche kitu, mwambie ni mimi. Wanangu wabusu. Mungu akushike mahali ambapo mimi nimekuachia.

Dereva nimemwomba akungoje mlangoni. Nijibu upesi, hata mstari mmoja nyuma ya bahasha hii. Niambie tu macho yako yana rangi gani.

Mdogo wako,
Chiriku