Matawi ya Mbetula

Norwei, 3 Mei. Mwezi wa nane tangu nitoke nyumbani.

Dada yangu Outi,

Mimi mzima, ila vidole vinanuka samaki hata nikivisugua vipi, na mwenzangu wa chumbani anakoroma kama trekta bovu.

Unasema binti yako Helka alimwaga maziwa, ukamwinulia mkono, kisha ukakimbilia kwenye sauna, kile chumba chetu cha kuogea mvuke, kulia, eti umegeuka mama yetu. Hapana, dada. Bibi alimchapa mama kwa matawi ya mti wa mbetula, mama akatuchapa sisi kwa hayo hayo. Hakuna aliyewahi kuushusha mkono bila kupiga. Wewe umeushusha.

Juzi Helka aliniuliza kwenye simu, "Mjomba, mbona sisi hatujipigi matawi kwenye sauna ili mwili uchangamke, kama majirani?"

"Mama anasemaje?"

"Eti yanachafua sakafu!"

Nilicheka. Mwambie ukweli, kwamba matawi hayo ndiyo tuliyochapwa nayo, polepole. Ataelewa.

Nakuja mkesha wa sikukuu ya kiangazi, mwezi ujao. Matawi nitayakata mwenyewe, machanga, yenye majani tele, na Helka ndiye atakayetupiga migongo. Akichoka, mpe maziwa.

Kaka yako akupendaye,
Tauno