Aliyelia Kuliko Wote Msibani

Nashi, weka daftari chini. Nimeharibu. Nimeharibu vibaya huku Mikumi.

Unajua kwenye saluni ya shangazi hasukwi mtu bila kubishana kuhusu ile tamthilia. Leo hoja ilikuwa nani alimtilia sumu yule mzee tajiri. Wengine dereva, wengine mdogo wa huyo mzee.

Nikasimama kama padri wetu wa shuleni. "Ndugu zangu katika runinga, muuaji ni mjane. Aliyelia kuliko wote msibani ndiye aliyeua."

Na nikamtazama Mama Lois. Kwa mzaha tu, Nashi! Alikuja kusuka kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe mwezi uliopita. Wewe mwenyewe ulimwona alivyogaragara kaburini.

Saluni nzima ikamgeukia. Nzima!

Mmoja akauliza taratibu, "Hivi marehemu aliugua nini vile?"

"Tumbo," mwenzake akajibu. "Siku mbili tu."

Mama Lois akainuka, nusu ya kichwa haijasukwa, akatoka. Hakuna aliyemwita arudi. Hata mimi.

Nashi, haijapita saa moja, kaka wa marehemu, huyo hapo mlangoni. "Binti aliyesema yale ni yupi?"

Nikainua mkono. "Shikamoo baba. Ilikuwa tamthilia tu, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akatabasamu, Nashi. Alitabasamu! "Usiogope, umetusaidia sana. Tulikuwa tunatafuta namna ya kumtoa yule mjane kwenye nyumba ya marehemu."