Gramu Ishirini na Mbili

Jumatatu, 8 Septemba

Magunia ya mabaki tena, arobaini. Soma mizani, andika, tia sahihi. Msimu wa korosho haujafunguliwa lakini Meneja Kilindo hataki ghala lilale.

Mchana, kikao cha bonanza la wafanyakazi. Mbali na kuvuta kamba na kukimbiza kuku, mwaka huu kuna mbio za vigari vya mbao. Kigari cha urefu wa shibiri moja, magurudumu manne, kinaachiwa juu ya ubao wa mteremko. Hakisukumwi. Ofisi dhidi ya wachukuzi. Meneja aliziona kwenye simu yake, akazipenda.

Mzee Liganga, mnyapara wa wachukuzi, akaomba uwekwe ukomo wa uzito, maana kizito hukimbia zaidi. Nikasimama. Sijui nani alinituma. Nikaeleza kwamba vizito na vyepesi huanguka kwa mwendo mmoja, tulifundishwa kidato cha pili, kwa hiyo uzito haubadilishi kitu.

"Mwanangu karani," akasema, "shule umesoma. Mkokoteni hujasukuma."

Watu wote wakacheka. Ukomo ukapita: gramu mia na hamsini. Mpimaji ni mimi. Mwandishi wa muhtasari pia ni mimi, kwa hiyo nimeyaandika maneno yangu ya kijinga kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha Bakari akauliza habari ya banda la kivuli pale kwenye mizani. Msimu uliopita alizimia juani, gunia likiwa begani. Meneja akacheka. "Mkishinda mbio, najenga banda. Mkishindwa, msinitajie banda mpaka msimu wa mwakani." Wachukuzi wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Kivuli si kitu cha kuchezea bahati nasibu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimejaribu mwenyewe. Fundi seremala wa hapa Rahaleo kaniazima ubao na vigari viwili vilivyo sawa. Kimoja nimekifunga nati tatu za baiskeli.

Mteremkoni vinashuka karibu pamoja. Nikafurahi. Chini, ubao unapolala, chepesi kikaanza kuchoka. Upepo unakizuia, na hakina nguvu ya kuupasua. Kizito kikapita kana kwamba hakijaona kitu. Mara kumi, na mara tisa kizito mbele.

Mzee Liganga alikuwa sahihi. Nilichosoma si uongo, ila darasani hapakuwa na upepo.

Ijumaa, 12 Septemba

Siku mbaya. Niandike haraka.

Asubuhi walileta vigari nivipime kwenye mizani ndogo, ile ya sampuli za korosho. Cha wachukuzi ni cha mpingo, chembamba kama ulimi, wamekiranda mpaka kinang'aa. Mpingo ni mzito, kwa hiyo wameuchonga kidogo kidogo ili wasizidi. Gramu mia na arobaini na tisa. Walishangilia kama watoto.

Cha ofisi Meneja alikileta mwenyewe, wachukuzi walipokwisha kuondoka. Mbao nyepesi, nene. Tumboni kina kizibo cha nta. Mizani ikasoma mia na sabini na mbili. Ndani kuna chubwi, zile risasi za mishipi ya kuvulia. Kipande kimoja kilikuwa kinachungulia kwenye nta.

Nikasema kimezidi, bosi.

Akafungua faili, akatoa muhtasari wangu, akanisomea. "Karani alieleza kuwa uzito haubadilishi kitu. Si wewe huyu? Au umebadili elimu tangu Jumatatu?" Halafu akaweka kiganja juu ya faili jingine. La mkataba wangu. Unaisha tarehe thelathini. "Andika mia na hamsini, binti."

Nikaandika. Nikatia sahihi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Hilo linanitia hasira kuliko yote.

Jumamosi, 13 Septemba

Bonanza, ufukweni Shangani. Pilau, muziki, fulana za njano. Mbio tatu, ofisi imeshinda zote tatu. Kile cha mpingo kilikuwa kinakaribia kila mara, halafu kinaachwa. Mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Hakuna mchukuzi aliyeomba kigari cha ofisi kipimwe tena. Mzee Liganga alikuja kunipa mkono. "Umepima wewe, mwanangu. Basi."

Ningependa angenitukana.

Jumatatu, 15 Septemba

Jua kali tangu saa tatu. Bakari amejifunika gunia tupu kichwani. Hakuna aliyetaja banda. Wameshika ahadi yao, watu hawa. Meneja amekiweka kigari mezani pake, juu ya mafaili, kama kikombe cha ubingwa.

Ninamchukia. Ninauchukia mkono wangu.

Jumanne, 16 Septemba

Kazini kwetu kosa la daftari halifutwi. Hakuna wembe, hakuna wino mweupe. Unapiga mstari mmoja ili tarakimu ya zamani ionekane, unaandika iliyo sahihi juu yake, tarehe, sahihi. Nimefanya hivyo kwa magunia mara nyingi bila kutetemeka.

Meneja alipokwenda bandarini niliingia ofisini kwake nikachukua kigari. Nikatoa mizani ndogo nje, mbele ya wachukuzi wote. Mia na sabini na mbili, na chubwi zikichungulia kwenye nta. Nikapiga mstari. Nikaandika. Nikatia sahihi.

Nilidhani watafurahi. Mjinga mimi.

Mzee Liganga aliuliza polepole, "Gramu hizi ishirini na mbili ulizijua lini?"

"Ijumaa."

Akafyonza, akageuka.

Bakari ndiye aliyenimaliza. "Na magunia je, dada? Nayo unayapima hivihivi?"

Nimeapa kwamba hapana. Ni kweli, hapana! Miaka miwili, hata gunia moja. Lakini nilikuwa naapa nikiwa na daftari lenye uongo mkononi. Nani atanisadiki? Mama yangu kule Newala naye hupeleka korosho zake kwenye mizani ya karani asiyemjua.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeitwa. Meneja alipiga meza mpaka chai ikamwagika. Mwizi wa vitu vya ofisi. Mchonganishi. Mtoto asiye na shukrani.

Nikasema, "Nimerekebisha kosa langu, bosi. La kwako sijaliandika popote."

Dirishani tuliwasikia wachukuzi wakiitana getini. "Meneja Chubwi kafika?" "Kazama!" Vicheko. Aliyasikia yote. Akafunga dirisha kwa kishindo.

"Toeni hizo risasi," akasema hatimaye. "Kesho mbio zirudiwe hapa uani. Nitawashinda hata bila kitu." Nadhani aliamini.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimetoa chubwi moja moja mpaka mizani ikasoma mia na hamsini kamili. Sikuwa peke yangu. Mzee Liganga aliinama akasoma mwenyewe. Kisha Bakari. Kisha wote, mmoja mmoja, kwa foleni, hata wasiojua kusoma tarakimu waliuliza wenzao. Hakuna aliyenitazama usoni. Kila aliyeinama nilihisi kama kofi.

Mbio ya kwanza, ofisi. Ya pili, mpingo. Ya tatu vilishuka bega kwa bega, na ubao ulipolala, kile chembamba kikachomoka kama kimekumbuka kitu nyumbani. Bakari alikibeba kigari kwa mikono miwili akazunguka nacho ghala lote.

Meneja alisema, "Haya, banda," akaingia ndani akafunga mlango.

Nililia chooni. Kwa hasira, si kwa furaha.

Jumanne, 30 Septemba

Mkataba umekuja. Miezi mitatu, si mwaka. Meneja alisukuma karatasi kwa kidole. Nimetia sahihi. Bado namwogopa.

Banda limesimama tangu Jumamosi. Nguzo nne, bati za zamani zenye matundu. Wachukuzi wamelijenga wenyewe kwa nusu siku. Saa sita kivuli kinafika mpaka kwenye jukwaa la mizani. Bakari hafuniki kichwa tena.

Leo magunia sitini. Ninasoma kwa sauti, naandika. Kila gunia Mzee Liganga anainama kwanza, anasoma mwenyewe, ndipo anasema, "Haya, andika." Hakuwa anafanya hivyo zamani. Foleni inakwenda polepole.

Baada ya gunia la kumi nilisimama nikasogeza kiti changu kando, ili aione mizani vizuri.